Wakuu unga wa piza unanitoa jasho: krasti nyembamba, ya ukingo wa mapovu na ya trei, kwa joto hili la Dar mnafanyaje?

#1 Msegerea

Habari za wikendi wakuu.

Niende moja kwa moja. Leo ni Jumamosi ya nne mfululizo naharibu unga wa ngano humu ndani, watoto wakiniona nashusha lile bakuli kubwa wanaangaliana tu, mdogo kaniuliza baba leo tena? Yote yalianza kwenye besdei ya huyo huyo mdogo, tukaagiza piza mbili, bei niliyolipa sitaki kuisema maana waifu nae anapitaga humu. Nikajisemea si mkate tu huu umepakwa nyanya, mwanaume mzima nashindwaje.

Nimeshindwa.

Wiki ya kwanza kitako kilitoka kigumu kama zile biskuti za kuchovya kwenye chai, ukidondosha sakafuni inalia. Wiki ya pili juu chizi imeungua, katikati unga mbichi. Wiki ya tatu video ilisema acha uumuke masaa mawili basi nikaenda zangu kuangalia mpira, narudi unga umetoka kwenye bakuli umetambaa mpaka kwenye meza na harufu kama togwa iliyolala siku tatu. Leo nikasema niuweke friji nisiibiwe tena, nimeutoa nausukuma unarudi, nausukuma unarudi, kama mpira wa manati. Alafu kuna jambo jingine dogo, kila wiki waifu analalamika chumvi imezidi, nimepunguza hadi leo nimeweka punje tu na bado anasema ileile.

Natumia unga nusu kilo, hamira ya chenga, sukari, mafuta na maji ya uvuguvugu. Jiko langu ni la gesi lenye oveni chini, namba zinaishia 250.

Ninachotaka ni aina tatu: ile nyembamba inayovunjika (ya kwangu mimi), ile ya Napoli yenye ukingo umevimba una madoa meusi (ya waifu, kaiona kwenye simu), na ile nene laini ya watoto. Ni unga mmoja au ni unga tatu tofauti? Matusi baadae, somo kwanza.

#2 Dogo wa Ubungo

Siti ya mbele kabisa. Togwa imeniua mbavu.

#3 BintiChumbageni

Pole kaka Msegerea. Mimi ni mtu wa maandazi na mikate ya oda, piza nimeingia mwaka jana tu baada ya wateja kuulizia, lakini unga ni unga, hauna kabila.

Kwanza hujasema hamira umeweka kiasi gani. Pili hayo maji ya uvuguvugu umeyatoa wapi hahaha, yani Dar hii maji ya bomba mchana yenyewe ni uvuguvugu tosha unaenda kuyapasha tena! Hizo video zimepigwa kwa watu ambao jikoni kwao kuna baridi, nyuzi 20 hivi, wao wanaibembeleza hamira iamke. Jiko lako wewe mwezi huu halipungui nyuzi 30. Hamira kwenye joto hilo haibembelezwi, inafungwa breki. Mimi unga wa mikate nakandia maji ya friji, na sukari sigusi kama sio maandazi, na bado kwa nusu saa mpaka dakika 45 umeshajaa. Sasa wewe umeuacha masaa mawili na mpira una dakika za nyongeza, umeiva ukapitiliza, ule uzi wa ndani unaoshikilia hewa umekatika ndo maana ukitambaa hautambai kama unga unatambaa kama uji.

Saa usiitazame. Tazama bakuli. Ukizidi mara mbili basi, hata kama ni dakika 35.

#4 Msegerea

Dada asante sana. Hamira kijiko kikubwa kimoja kimejaa. Maji nimetoa bomba la nje nikapasha kwenye birika.

#5 BintiChumbageni

KIJIKO KIKUBWA kwa nusu kilo? Kaka hiyo ni ya maandazi ya asubuhi mtu ana haraka ya kuwahi kituoni. Kwa piza kijiko cha chai kimoja ndo mwisho, na ukilaza friji nusu kijiko inatosha na kubaki.

#6 MpishiMstaafu

Nimekaa jikoni hotelini miaka mingi na zamu ya piza nimeishika muda, ngoja niandike kwa urefu mniwie radhi, natumia simu.

Dada hapo juu kasema kweli tupu. Mimi niongezee hesabu, maana piza bila mizani ni kubahatisha, kikombe chako na changu havifanani na unga ukiushindilia unazidi. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Kila kitu unakihesabu kwa unga. Unga ni 100, maji ni asilimia ya unga huo. Gramu 500 za unga na gramu 300 za maji hiyo ni 60. Chumvi 2 mpaka 2.5, yani gramu 10 mpaka 12 na nusu. Hapo ndipo aina za krasti zinapoachana, kwenye maji, kwenye mafuta, na kwenye moto. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba mama wa unga ni mmoja ila watoto wana tabia tatu.

Tuanze na ya shemeji, ya Napoli, maana hiyo ndo itakuumiza moyo. Wale wana chama chao, Associazione Verace Pizza Napoletana, kimeanzishwa 1984, kina sheria kabisa: unga, maji, chumvi, hamira basi, hakuna mafuta hakuna sukari, unga unatanuliwa kwa mikono, ukishika mti wa chapati wanakuona mshamba. Hata UNESCO mwaka 2017 waliuingiza ufundi huo kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini siri haiko kwenye unga, iko kwenye tanuri la kuni linalopita nyuzi 400, piza inaingia na kutoka kwa sekunde 60 mpaka 90. Ule ukingo unavimba kwa sababu maji yaliyo ndani yanageuka mvuke ghafla kabla unga haujakauka, na madoa meusi yanakuja hapo hapo ndani bado laini. Sasa chukua unga huo huo uweke kwenye oveni yako ya 250. Rangi haiji, unasubiri, dakika 12, 15, maji yote yanatoka, unapata nini? Biskuti yako ya wiki ya kwanza. Haukukosea unga kijana wangu, ulikosea moto.

Kwa oveni ya nyumbani fanya walivyofanya New York. Wahamiaji wa Italia walifika kule, duka la Lombardi's linahesabika toka 1905, na baadae wenzao walipohamia majiko ya gesi yenye moto mdogo zaidi wakaongeza mafuta na sukari kidogo kwenye unga. Sukari inaleta rangi kwenye moto mdogo, mafuta yanazuia kukauka. Unga 500, maji 310, chumvi 10, mafuta gramu 15 ambayo ni kijiko kikubwa kimoja, sukari kijiko cha chai, hamira nusu kijiko cha chai. Kanda, gawa madonge matatu, yapake mafuta, funika, friji siku moja mpaka mbili. Friji sio kwa ajili ya kuibiwa, ni kwa ajili ya ladha, ule uchachu wa mbali unakuja taratibu, na rangi inakuwa nzuri zaidi.

Na hapo ndo kosa la leo. Umetoa friji ukasukuma hapo hapo. Unga wa baridi umejikunja, umekaza kama mtu katoka usingizini. Toa uukalishe nje, Dar saa moja inatosha. Na ukishaufanya donge usiuguse tena, ukilikanda upya tu umerudi mwanzo.

Nyembamba na ya trei ntaandika nikipumzika, simu ina asilimia 6 na umeme hakuna.

#7 Dogo wa Ubungo

Shikamoo mzee. Asilimia 6 bado unafundisha asilimia.

#8 mtotowapwani

Nyie mnahangaika na Napoli wakati piza ya kwetu iko Forodhani pale Zanzibar hapo ng'ambo, donge moja, sekunde mbili limekuwa jembamba kama karatasi, nyama ya kusaga, yai, kitunguu, mayonezi, unakunja pembe nne, kaangoni, umemaliza. Hakuna friji hakuna mizani hakuna UNESCO.

#9 Msegerea

Mkuu ile naipenda na nimekula mpaka ya ndizi na chokoleti, lakini ile ni piza kwa jina tu, ile ni binamu wa chapati.

#10 mtotowapwani

Binamu wa chapati ndo mwenye akili kwenye ukoo.

#11 BintiChumbageni

Msigombane. Ile haina hamira, kwahiyo hata kanuni zake ni zingine, inataka donge lilale kwenye mafuta lilainike ndo livutike bila kutoboka. Ila hicho cha kulaza kwenye mafuta ndo funzo hata kwa huku, ukiwa na haraka donge lililopakwa mafuta likapumzika dakika 30 linatanuka lenyewe.

Mkipenda cha kulinganisha na piza ya Napoli ni mkate wa ajemi, ule wa tanurini. Moto mkali, muda mfupi, unga laini. Wazee wetu walishajua.

#12 Kaka Mkaa

Wenye oveni mnaongea sana. Mimi naishi Mbagala, jiko la mkaa, na piza napika kila mwisho wa mwezi.

Ni kama keki ya mkaa mnavyooka. Sufuria kubwa zito, chini mchanga kidogo, unafunika unaacha lipate moto wa kutosha kama robo saa, piza iko kwenye sinia dogo la bati unashusha ndani, mfuniko bapa juu unapakia makaa. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, chini makaa matatu manne tu yaliyofifia, juu jaza. Wanaokosea wanawasha chini kama wanachemsha maharage, kitako kinakuwa mkaa nacho. Dakika 12 mpaka 15 ila unafunua mara moja tu, na ukifunua unafunua kwa adabu, majivu yakidondoka kwenye chizi hakuna wa kuyatoa. Ilinitokea siku mama mkwe yupo. Alikula akanyamaza.

#13 mama wawili

Kaka Mkaa na sie wa jiko la gesi la plate mbili bila oveni? Mkaa nyumba ya kupanga mwenye nyumba hataki moshi.

#14 Kaka Mkaa

Dada tumia kaango la chapati lile zito. Sukuma nyembamba, tupa kaangoni kavu moto wa kati, ikitoka mapovu na chini ikipata madoa geuza. Upande ulioiva ndo unapaka sosi na chizi, funika, shusha moto chini kabisa dakika nne tano. Chizi itayeyuka ila haitapata rangi juu, hiyo kubali tu. Na usipakie vitu kama unajenga ghorofa.

#15 MpishiMstaafu

Umeme umerudi. Marahaba Dogo.

Nyembamba inayovunjika. Hiyo ni ya Roma, na hapa mti wa chapati unaruhusiwa, tena ndio wenyewe, kazi yake ni kutoa hewa yote. Maji punguza, 55 tu, mafuta ongeza: unga 500, maji 275, mafuta 25, chumvi 10, hamira nusu kijiko cha chai. Unga utaona mgumu kama wa chapati kavu, kanda hivyo hivyo, ukichoka funika dakika 20 ukirudi utaukuta umelainika wenyewe, maji yanafanya kazi wewe ukiwa umekaa. Madonge madogo, gramu 180 linatoa piza ya inchi 12. Sukuma mpaka uone rangi ya kibao kwa chini, toboa toboa kwa uma isivimbe. Sosi kidogo. Ukilowesha hii umeiua, na nyanya zetu za sokoni zina maji mengi, zikatekate, tia chumvi, ziache kwenye chujio nusu saa utashangaa maji yanayotoka.

Ya trei ndiyo nataka uanze nayo, maana ndiyo inayosamehe. Maji 70: unga 400, maji 280, chumvi 8, hamira kijiko cha chai kasoro, mafuta kijiko. Huu utanata mikononi na hapa ndo Watanzania wote tunapoanguka, unanata tunaongeza unga, unanata tunaongeza unga, mwisho tumerudi kwenye 55. USIONGEZE. Usikande hata, koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, funika. Baada ya dakika 15 lowesha mkono kwa maji, vuta upande mmoja ukunje juu ya mwingine, zungusha bakuli, pande nne. Rudia mara tatu. Mara ya tatu utaona umebadilika, unavutika kama pazia, ukiuweka dirishani mwanga unapita. Mimina kwenye trei yenye mafuta ya kutosha, vijiko vitatu vya kula usione uchungu, maana kitako kinakaangika humo. Sambaza kwa ncha za vidole. Ukijirudisha usishindane nao, uache dakika 15 uje tena. Uumuke humo humo ndani ya trei mpaka utetemeke ukiutikisa, ndipo oveni, 250, rafu ya chini kabisa, dakika 15 hadi 18.

Hii ina ndugu wawili huko Marekani. Ya Detroit ilianza 1946 pale Buddy's, waliokea kwenye masinia ya chuma ya viwanda vya magari, chizi wanaisukuma mpaka ukutani mwa sinia iungue iwe kama ukoko. Kwa mtu aliyekua anagombania ukoko wa wali nadhani sihitaji kueleza zaidi. Ya Chicago ni ya 1943, Pizzeria Uno, hiyo ni ya bakuli, unga una mafuta mengi unavunjika kama vileja, haukandwi sana, unapandishwa kuta za trei, na chizi inatangulia chini sosi inakuja juu kwa sababu inakaa ovenini nusu saa na zaidi, chizi ikiwa juu ingeungua. Kwa wiki ya pili ya mleta uzi, chizi imeungua katikati mbichi, jibu ni hilo. Kama ni nene ioke kitako peke yake na sosi dakika 8, chizi iingie baadae.

#16 Msegerea

Mzee shikamoo, nimechukua daftari kabisa. Hapo kwenye ukoko umemaliza kila kitu. Jumamosi naanza na trei, ntaleta mrejesho.

#17 fundi_bomba

Samahani mleta uzi, mimi unga sijui ila maji najua. Hilo bomba la nje ni la mtandao wa serikali au kisima?

#18 Msegerea

Kisima mkuu. La ndani maji yakitoka ni bahati, tunaoga na kufulia ya kisima, ya kunywa tunanunua.

#19 fundi_bomba

Basi mwambie shemeji hajakosea. Visima vingi vya Dar ni vya chumvi chumvi, ukioga sabuni haitoi povu. Unakandia chumvi juu ya chumvi.

#20 Msegerea

DAH.

Nimeonja sasa hivi. Wiki nne naambiwa chumvi imezidi nabisha, nilifika mpaka kusema wewe ulimi wako una tatizo. Naenda kuomba msamaha.

#21 BintiChumbageni

Hahahaaa jamani! Na sio ladha tu kaka, chumvi inakaza unga na hamira inazubaa, kidogo haidhuru ila ikizidi utaona. Kandia maji ya kunywa.

Alafu kuna wanaosema chumvi ikigusana na hamira inaiua hapo hapo, mnanunishana bure. Ukichanganya na kukanda hapo hapo hakuna kitu kinakufa, nafanya kila siku. Kinachoua hamira ni maji ya moto, ukiweka kidole ukakitoa haraka ujue hamira nayo ingependa kutoka. Na pakti ukiifungua usiiache kabatini, unyevu wa huku unaimaliza kwa wiki chache, weka kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya friji. Ukiwa na wasiwasi nayo, maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, dakika 10 haijatoa povu tupa.

#22 baridi_kali

Sisi wa Njombe tunasoma haya ya nusu saa umejaa tunacheka. Huku naanzisha unga asubuhi tunakula usiku na bado unavuta miguu.

#23 mama wawili

Na kuhusu unga wenyewe, wa mandazi na chapati unafaa au mpaka ule wa Italia wa sifuri sifuri? Nimeuona supamaketi kifuko kidogo bei yake nikaurudisha taratibu kama sio mimi.

#24 MpishiMstaafu

Umefanya vizuri kuurudisha. Sifuri sifuri ni daraja tu la unga mweupe uliosafishwa sana pumba, na ule wa piza umetengenezewa moto ule wa 400, kwenye oveni ya nyumbani unabaki mweupe kama mgonjwa. Tafuta unga wa ngano wa mkate, soma pembeni ya pakti sehemu ya protini, ukikuta 12 na kuendelea kwa gramu 100 chukua, ndo unaovutika bila kukatika. Wa matumizi yote ukiwa na 10 au 11 unafaa kwa nyembamba na kwa trei, ila maji upunguze asilimia mbili tatu maana haunywi sana. Ule wa keki achana nao.

#25 Msegerea

MREJESHO WA TREI

Wakuu. Maji ya kunywa kutoka friji, hamira kijiko cha chai kasoro, mizani nimeazima kwa jirani anayeuza dagaa hivyo samahanini kama kuna harufu. Nilipokoroga nikasema huu sio unga huu ni uji wa watoto, mkono unawasha kuongeza unga, waifu kanishika mkono kabisa kasema mzee kasema usiongeze. Kukunja mara ya kwanza hola. Ya pili kidogo. Ya tatu, mzee ulisema kweli, umebadilika ukawa kama ngozi ya mtoto.

Kwenye trei umechukua dakika 40 kujaa. Oveni nimewasha mapema nusu saa. Chizi nimeisukuma mpaka ukutani. Dakika 17.

Watoto wamegombana ukoko wa pembeni, trei moja ina pembe nne na sisi tuko watano, mimi ndo niliyekosa.

#26 Dogo wa Ubungo

Picha mkuu?

#27 Msegerea

Kumbuka nilikua na mikono miwili na yote ina mafuta.

#28 jikoni_kimara

Hongera. Sasa mi niwape onyo kabla hamjafika mbali. Nlisoma mahali kwamba piza nyembamba inataka jiwe la moto chini, jiwe sina, nikachukua kigae cha sakafuni kilichobaki kwenye ujenzi, kile kinang'aa, nikaweka ovenini 250. Dakika ya ishirini mlio kama baruti. Watoto wamelala chini. Kigae vipande vinne na kioo cha mlango wa oveni kina ufa mpaka leo. Msijaribu, na hiyo rangi inayong'aa juu sijui ina nini ndani.

#29 MpishiMstaafu

Mshukuru Mungu uliishia kwenye ufa. Vigae vya sakafu havikutengenezwa kwa ajili ya chakula.

Njia rahisi nenda Gerezani, ule mtaa wa Dar, pale kwa mafundi wa chuma, mwambie akukatie bati zito la chuma cheusi la milimita 6, kipimo cha rafu ya oveni yako kasoro sentimita mbili kila upande hewa ipite. Chuma tupu. Lililopakwa zinki usikubali hata akikupunguzia, likipata moto mkali moshi wake ni sumu. Likwangue, lioshe, lipake mafuta ya kupikia, lichome mpaka liwe jeusi, kama unavyozoesha kaango jipya. Chuma kinapeleka joto kwenye unga haraka kuliko jiwe, kwa oveni zetu hizi za 250 ndo mkombozi. Ila uliache lipate moto dakika 45, na hapo mtungi wa gesi utauona unavyoshuka, kwahiyo ukiliwasha oka piza zote siku hiyo.

#30 Kaka Mkaa

Mkaa hauna mlango wa kioo. Nimemaliza.

#31 Msegerea

Nimerudi baada ya wiki mbili, niliwahi Gerezani. Fundi kaniuliza bati la nini nikamwambia la piza, kamuita mwenzie nirudie.

Nyembamba: imekubali mara ya kwanza. Kukanda imenitoa jasho kweli, ila baada ya zile dakika 20 za kupumzika umelainika. Gramu 180, mti wa chapati, kibao nimekiona kwa chini. Dakika 7 juu ya chuma, ukiikata inalia. Nimekula mbili peke yangu nimesimama hapo hapo jikoni.

Ya waifu: nimefuata ile ya New York, siku mbili friji, umeme ulikatika usiku mmoja masaa matano nikaogopa lakini nilikua sijafungua mlango, madonge yalivimba kidogo zaidi tu. Nikayatoa saa moja kabla. Nimetanua kwa mkono, moja imetoboka nikaiziba, moja ikawa na umbo la ramani ya Tanganyika, ya tatu ikawa duara. Oveni nimeipandisha mwisho, rafu ya juu. Dakika 8. Ukingo umevimba, madoa yapo ila ya kahawia sio meusi. Waifu kaangalia simu kaangalia sahani kasema inafanana na ya kwenye simu kwa mbali. Kwa mbali nimeipokea.

Sasa mdogo ameomba ile yenye chizi ndani ya ukingo, kuna mtu anajua?

#32 MpishiMstaafu

Hiyo Pizza Hut ndio waliisambaza toka 1995. Tumia unga huo huo wa New York, ila tanua zaidi sentimita tatu pande zote, panga vijiti vya mozarela kwenye ukingo, kunja ukingo juu yake na ubane kweli kweli kwa kidole chenye maji. Pakibaki tundu chizi yote inamwagikia kwenye chuma chako. Na chizi iwe imetoka friji.

#33 baridi_kali

Wakuu na sie wa baridi jamani, tumesahaulika.

#34 BintiChumbageni

Baridi_kali wewe ndo utumie yale maji ya uvuguvugu ya Msegerea. Oveni izime, weka bakuli la unga ndani na sufuria la maji yanayofuka pembeni, funga mlango. Hapo umejitengenezea Dar yako.

Na kaka Msegerea, donge lililobaki ambalo limekaa siku ya nne na limeanza kunusa pombe usilitupe, ongeza unga kidogo, sukari na iliki, sukuma, kata, kaanga. Utapata maandazi yenye uchachu kidogo. Mimi kuna mteja anaagiza hayo tu, hajui kama ni piza iliyochelewa.